Faili Yako Imeenda Wapi? Vile Hospitali Zinahama Kutoka Karatasi, na Kwa Nini Kompyuta Peke Yake Haitoshi

Hii stori unaijua. Umeamka saa kumi na moja alfajiri, umempandisha bibi yako tuktuk, mmefika hospitali kabla jua lichomoze. Laini ishazunguka kona. Saa nne hivi ndio mnafika dirishani, na yule wa dirishani anarudi kutoka ndani mikono mitupu. "Faili haionekani. Nunueni daftari, tuanze upya."

Tuanze upya! Bibi ana presha tangu wewe ukiwa darasa la tatu. Kuna dawa ilimfura miguu, ikabadilishwa. Kuna ingine ilimpa kikohozi kisichoisha, nayo ikabadilishwa. Yote hayo yaliandikwa, kwa kalamu, na madaktari tofauti, kwenye karatasi ambayo sai iko mahali na hakuna anayejua ni wapi. Daktari wa leo ana daftari la shule, ukurasa wa kwanza, mweupe pepepe.

Msee yeyote akiona hivyo anauliza swali moja: si waweke tu kila kitu kwa kompyuta tumalizane?

Nami nilikuwa nauliza hivyo hivyo. Halafu nikapata kibarua cha kuweka kila kitu kwa kompyuta.

Nilidhani ni kazi ya kutaipu

Hii ni baada ya kuacha chuo. Karo ilinishinda, na nyumbani hukai bure. Kituo kimoja cha afya hapa kisiwani, jina lake nalimeza, kilikuwa kinatafuta vijana wa kuhamisha faili za zamani ziingie kwa mfumo mpya. Nikasema hii ni chapaa ya bure. Vidole kumi ninavyo, kutaipu najua, kazi iko wapi?

Chumba kilikuwa nyuma kabisa, dirisha moja, feni moja. Wewe ni mtu wa 001, unajua vile chumvi ya bahari inafanya bati na baiskeli. Sasa fikiria inafanya nini karatasi. Kurasa zimeshikana kama chapati zilizofunikwa zikiwa moto. Pini zimepata kutu na kuacha madoa ya kahawia juu ya maandishi. Kuna faili mchwa walikuwa wameila kutoka chini kwenda juu, wakabakisha jina tu.

Aliyetusimamia alikuwa mama mmoja wa rekodi, mtu wa miaka mingi kwa hiyo kazi. Na usidharau hiyo kazi. Inasomewa pale KMTC miaka mitatu, na tangu 2016 iko na sheria yake kama taaluma zingine za afya. Siku ya kwanza alituambia kitu kimoja: ukiona neno hulijui, usikisie. Andika "haisomeki," songa mbele.

Nikaona huyu mama anatuchelewesha. Wacha nikuonyeshe mbona alikuwa sawa.

Mwandiko wa daktari

Tunapenda kuwacheka madaktari na miandiko yao, lakini ukikaa nayo siku nzima kicheko kinaisha. Kwanza kuna vifupisho. BD ni mara mbili kwa siku. TDS ni mara tatu. PRN ni ukihitaji tu. OD ni mara moja kwa siku, lakini ukiikuta kwa karatasi ya kliniki ya macho, OD ni jicho la kulia. Herufi ni zile zile, maana inategemea nani ameandika na alikuwa chumba gani.

Halafu kuna namba. Dozi ya insulini ilizoeleka kuandikwa na herufi U, mfano 10U. Andika U haraka haraka, juu yake ifungike kidogo, na hapo tayari ni sifuri. Kumi imekuwa mia moja. Hili kosa linajulikana dunia nzima, mpaka watu wa afya wanafunzwa waandike neno kamili badala ya herufi. Vivyo hivyo 5.0: nukta ikififia, ishakuwa 50.

Kwa karatasi, mwandiko mbaya unakuonya. Daktari anaona haueleweki, anauliza. Lakini mimi nikikisia na kutaipu, lile kosa linavaa suti. Herufi zimenyooka, kila mtu anaamini, na hakuna atakayerudi kuangalia karatasi.

Kuna programu za kusoma maandishi ya mkono, na kila mwaka zinazidi kuwa noma. Ila zinafanya vizuri zikizoea mwandiko wa mtu mmoja. Faili moja ya miaka kumi ina miandiko ya watu ishirini, nusu yao wameandika wakiwa wamesimama, wengine saa tisa usiku. Na programu haina haya. Isiposoma vizuri inaweza kukupa neno lolote linalofanana, bila kukuambia kwamba ilibahatisha. Kwa hivyo bado unahitaji binadamu wa kukagua, na binadamu mwenyewe awe anajua dawa.

Mohamed Ali Mohamed ni nani?

Hapa ndio nilichoma.

Pwani majina yanarudi, na sababu unaijua: mtoto anapewa jina la babu. Chukua mzee Mohamed, babake Ali, babuye Mohamed. Huyo ni Mohamed Ali Mohamed. Mwanawe ni Ali Mohamed Ali. Huyo Ali akipata kijana, akampa jina la babu, kijana anaitwa nani? Mohamed Ali Mohamed. Babu na mjukuu, majina matatu sawa, nyumba moja.

Nikakuta faili mbili za jina hilo. Umri kwenye zote umeandikwa "A," yaani mtu mzima, basi. Anwani, Kibokoni. Simu, ile ile moja ya nyumbani. Nikajiambia huyu ni msee mmoja, faili ilipotea akafunguliwa ingine. Nikaziunganisha, nikaenda kunywa chai.

Sasa sikia. Kwenye faili ya kwanza kulikuwa na maneno kwa kalamu nyekundu: asipewe penisilini, aliwahi kufura uso na kushindwa kupumua. Kwenye faili ya pili mgonjwa alipewa amoksilini, akapona, akaenda zake. Amoksilini ni ya ukoo wa penisilini. Kwa hivyo daktari akifungua rekodi yangu safi, ataona mtu aliyeandikiwa onyo zamani, lakini juzi akapewa dawa ile ile na hakuna kilichotokea. Ungekuwa wewe ungefikiria nini? Kwamba lile onyo limepitwa na wakati.

Mama wa rekodi ndiye aliyeona. Alikuwa anapitia kazi zetu jioni, akaniita. "Huyu mzee wako wa presha," akasema, "mbona mwezi jana ameshonwa goti, ameumia akicheza mpira? Ana miaka sabini, anacheza winga?"

Nilicheka nusu. Halafu nikaelewa. Hakuna aliyeumia, rekodi zikatenganishwa siku hiyo hiyo, lakini usiku huo usingizi ulinipiga chenga. Niliuona mkono wangu ukibonyeza kile kitufe.

Utasema kompyuta ingejua yenyewe. Jaribu. Kuna mbinu ya kale ya kutafuta majina yanayofanana kwa sauti, inaitwa Soundex, ilisajiliwa Marekani 1918 na bado iko ndani ya programu nyingi. Inabakisha herufi ya kwanza, inatupa irabu, konsonanti zinazobaki inazigeuza namba. Ukiipa Mohamed inatoa M530. Ukiipa Mahmoud inatoa M530. Kwake hao ni sawa. Mpe Khadija, unapata K320. Mpe Hadija, unapata H320. Kwake hao ni tofauti, na wewe unajua ni dada yule yule, leo sista ameandika na K, kesho mwingine ameiacha. Inaunganisha wasiofaa na kutenganisha wanaofaa, juu ilipangwa kwa majina ya Kizungu.

Ndio maana mifumo mizuri haitegemei jina peke yake. Inataka namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, simu, jina la mama. Na hata hapo kuna mashimo. Watoto hawana kitambulisho. Na wazee wengi, angalia kitambulisho chao, wamezaliwa Januari 1, juu siku yenyewe hakuna aliyeiandika.

Si tuko dijitali kitambo?

Ndiyo na hapana. Kenya haikuanza jana. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, nje kidogo ya Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. Kutokana na kazi ya hapo na kwingine ikazaliwa OpenMRS mwaka 2004, programu ya bure ambayo leo inatumika nchi nyingi. Mwaka 2012 ikaja KenyaEMR, iliyojengwa juu ya hiyo OpenMRS, na kliniki za CCC zikawa za kwanza kuipata. Mbona CCC? Juu mtu anayetumia ARV anarudi maisha yake yote, na bila rekodi ya jana huwezi kumtibu leo. Pia wafadhili walitoa ganji.

Halafu kuna mfumo mwingine ambao watu wanauchanganya na huo. Mwaka 2011 Kenya iliingiza DHIS2, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo, na majaribio yake yalifanyiwa hapa hapa mkoa wa Pwani kabla ya kwenda nchi nzima. Lakini elewa vile inafanya kazi. Ukiingia kutibiwa unaandikwa kwenye ule mdaftari mkubwa, MOH 204. Mwisho wa mwezi mtu wa rekodi anahesabu: malaria ngapi, kuhara ngapi, nimonia ngapi. Hesabu inaingia fomu ya MOH 705, halafu inaingia kwa mfumo.

Kinachofika Nairobi ni namba. Jina lako halipo. Serikali inaweza kujua Mvita imepata wagonjwa wangapi wa malaria mwezi jana, na bado daktari aliye mbele yako asijue una mzio wa dawa gani. Zote mbili zinaitwa "data," lakini moja ni ya kupanga na ingine ni ya kukutibu.

Usidharau ile ya kupanga, ina kazi. Unakumbuka mwisho wa 2017 kuingia 2018, Mombasa nzima watu wanatembea wameinama, viungo vimekaza? Ile ilikuwa chikungunya. Ugonjwa kama huo unaenezwa na mbu, na kila wiki unayochelewa kugundua ni wiki mbu anakula bure. Kama hesabu inangoja mwisho wa mwezi na kalamu, mbu anakushinda mbio.

Njia tatu za kuhama

Hospitali ikiamua kuhama kutoka karatasi iko na njia tatu.

Ya kwanza ni kupiga skani. Ni haraka na mwandiko unabaki vile ulivyo, hakuna wa kukisia. Shida ni kwamba umepata picha, si habari. Huwezi kuiuliza "nani hapa hatakiwi kupewa penisilini?" Itabidi ufungue picha moja moja, kama zamani.

Ya pili ni kutaipu kila kitu. Hiyo ndio ilikuwa kazi yangu. Inakula muda na doo, na ushaona makosa yanaingia vipi.

Ya tatu ndio mama wa rekodi alikuwa anaipigania: anza leo. Kuanzia tarehe fulani kila anayekuja anaandikwa moja kwa moja kwa kompyuta. Faili yake ya zamani inatolewa mambo manne tu: mzio, magonjwa ya kudumu, dawa anazotumia na upasuaji aliofanyiwa. Na yanaandikwa mgonjwa akiwa amekaa hapo, anasomewa, anasema ndiyo au hapana. Karatasi yenyewe inapigwa skani kama ushahidi. Mgonjwa ndiye mkaguzi. Yule mjukuu angeulizwa "unatumia dawa ya presha?" angecheka, na kosa langu lingeishia pale.

Stima ikipotea je?

Intaneti ya kasi ya Kenya ilitua hapa kwetu kwanza. Mwaka 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah kupitia chini ya bahari, na SEACOM ikatua mwaka huo huo. Lakini kuwa karibu na kebo si kinga. Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika, Afrika Mashariki nzima ikakwama. Usiku wa Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Mgonjwa wa saa hiyo hangoji.

Kwa hivyo mfumo wa maana lazima uweze kufanya kazi bila intaneti, uhifadhi ndani kwanza, utume baadaye. Kuwe na nakala mahali pengine. Na ziwepo fomu za karatasi za dharura, pamoja na mtu mwenye jukumu la kuziingiza stima ikirudi. Ukiona hospitali imenunua kompyuta mpya lakini haina jibu la "tukizimikiwa tunafanya nini," jua imenunua fanicha.

Na siri zangu?

Hili ni swali la watu wa Mji wa Kale hasa. Vichochoro vyembamba, kila mtu binamu ya mtu. Ukionekana unaingia mlango fulani wa kliniki, kabla ufike nyumbani habari ishafika na kahawa ishanyweka.

Woga huo una msingi. Finland, wadukuzi waliiba rekodi za wagonjwa wa kampuni ya ushauri wa akili iitwayo Vastaamo. Kisha mwaka 2020 wakawaandikia wagonjwa mmoja mmoja: lipa au tunaanika ulichomwambia daktari wako. Kompyuta ikivuja, zinatoka zote kwa mpigo.

Lakini tusidanganyane kwamba karatasi ni salama. Kwenye kile chumba changu, mtu yeyote mwenye ufunguo angesoma faili ya jirani yake na asiache alama. Mfumo mzuri wa kompyuta unaandika kila aliyefungua rekodi, jina na saa. Unaweza kumzuia wa dirishani asione majibu ya maabara. Ukiulizwa ni karatasi au kompyuta, nawe uliza: nani ana ruhusa ya kufungua, na nani anakagua waliofungua?

Na sheria iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Una haki ya kujua wanachohifadhi, kukiona na kudai kirekebishwe kikiwa na makosa. Kanuni za 2021 zinasema ukiomba kuona data yako ujibiwe ndani ya siku 7, bila malipo. Wakikuzungusha, kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya kupeleka malalamiko. Oktoba 2023 ikatiwa saini Sheria ya Afya ya Kidijitali, na Oktoba 1, 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF, ndio maana sai kila hospitali unaulizwa namba ya kitambulisho kabla ya jina.

Sasa wewe fanya hivi

Hospitali zitachukua miaka. Wewe una Jumamosi hii.

1. Nunua daftari moja, la afya tu. Ukurasa wa kwanza: majina kamili, tarehe ya kuzaliwa, mzio, magonjwa ya kudumu, dawa na dozi, upasuaji, na simu ya mtu wa dharura. Dozi iandike kwa maneno: "kidonge kimoja asubuhi," si OD.

2. Tahajia ni moja. Kama kitambulisho kinasema Khadija, usikubali kuandikwa Hadija popote. Waambie warekebishe hapo hapo.

3. Ukitoka wodi, usiondoke bila karatasi ya ruhusa. Ipige picha, pamoja na majibu ya maabara. Hifadhi mahali penye neno la siri. Grupu ya WhatsApp ya familia si mahali pa siri, hiyo ni redio.

4. Anayetaipu akimaliza, mwambie: "Nisomee ulichoandika." Hakuna tusi hapo. Mimi ningesomewa na wenye jina ile siku, nisingeunganisha babu na mjukuu.

5. Kaa na bibi au babu. Muulize ni dawa gani iliwahi kumdhuru. Anakumbuka kuliko unavyodhani: rangi ya kidonge, mwaka, hata sista aliyempa. Andika yote. Akikwama, usimjazie. Acha pengo, uandike "hakumbuki."

Mimi nilianza na bibi yangu. Ilituchukua jioni nzima na birika mbili za chai. Tukagundua kidonge cheupe alichokuwa anameza kila usiku, akidhani ni cha presha, kilishasimamishwa zamani na daktari. Aliyekiandika alikiandika kwenye faili. Faili ndio ile haionekani.